Miguu Inayowaka Moto: Chanzo Kwanza, Sindano Baadaye

Shishiyu, kata ya wilaya ya Maswa mkoani Simiyu, ni nchi ya pamba, mahindi, viazi vitamu na ng'ombe. Karibu kazi zake zote hutegemea miguu: kufuata maksai wakati wa kulima, kupalilia, kuswaga mifugo, kwenda kisimani, kwenda mnadani. Kwa hiyo mtu anaposema miguu inawaka moto, nyayo zinachomachoma, sisimizi wanatembea chini ya ngozi au vidole vimekufa ganzi, anaeleza jambo zito kuliko kero ya usiku. Anaeleza usingizi uliokatika, palizi iliyochelewa na kipato kinachopungua.

Malalamiko haya yamezoeleka, na majibu yake yamezoeleka pia. Dukani atapewa diklofenaki, au atachomwa sindano za vitamini B mpaka fedha ziishe. Kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, atapakwa dawa au kuchanjwa chale, na huenda akaambiwa amekanyaga kitu alichotegewa njiani. Zahanati yenye foleni ndefu na mhudumu mmoja inaweza kumwandikia dawa ya maumivu na kumwita anayefuata. Majibu yote matatu yana upungufu mmoja: yanashughulikia maumivu bila kuuliza ni kitu gani kinachoumiza mishipa ya fahamu, na bila kupima kama mguu bado unahisi. Hoja yangu ni kwamba maswali hayo mawili ndiyo yanayoamua kama mgonjwa atapona, atatulizwa au atakatwa mguu, na kwamba sehemu kubwa ya majibu yake inaweza kupatikana katika zahanati ya kijijini kabla ya safari ya Bariadi au Mwanza.

Kwa nini vidole vya miguu hutangulia

Seli ya fahamu inayohisi ncha ya kidole cha mguu haikai mguuni. Kiini chake kiko pembeni mwa uti wa mgongo, maeneo ya kiunoni, na uzi wake unashuka kupitia pajani na kwenye shavu la mguu hadi kidoleni. Kwa mtu mzima urefu huo hukaribia mita 1. Karibu kila kinachohitajika kulinda ncha ya uzi huo hutengenezwa kwenye kiini na kusafirishwa njia nzima hadi chini. Sukari nyingi, sumu, pombe au upungufu wa vitamini vikivuruga usafirishaji huo, ncha ya mbali ndiyo ya kwanza kudhoofika, kama kijiji cha mwisho wa barabara kinavyokuwa cha kwanza kukosa bidhaa mvua ikikata daraja.

Hii ndiyo sababu maradhi mengi ya mishipa ya fahamu huanza kwenye vidole vya miguu yote miwili kwa pamoja, kisha hupanda taratibu kana kwamba mgonjwa amevaa soksi. Yakikaribia magoti, vidole vya mikono navyo huanza kufa ganzi, kwa kuwa nyuzi zinazofika huko zinakaribia urefu uleule. Mhudumu anayeufahamu mpangilio huu hupata dokezo kubwa kabla ya kupima chochote. Ganzi ya miguu yote miwili iliyoanzia vidoleni humfanya afikirie ugonjwa wa mwili mzima. Maumivu ya mguu mmoja yanayoshuka kutoka kiunoni, yanayozidi mtu akikohoa au kuinama, humwelekeza kwenye uti wa mgongo. Maumivu ya shavu la mguu yanayomkamata mtu akitembea na kumwachia akisimama humwelekeza kwenye mishipa ya damu. Baka moja la ngozi lisilohisi linamtaka afikirie ukoma.

Nyuzi za fahamu nazo hutofautiana. Nyembamba hubeba habari za joto, baridi na maumivu. Nene hubeba habari za mguso, mtetemo na mahali mguu ulipo. Nyembamba zikiumia kwanza, mgonjwa huungua nyayo usiku kucha ilhali nguvu za misuli ni kamili na mguu kwa macho hauna kasoro. Hapo ndipo wagonjwa wengi huambiwa hawana ugonjwa. Wanao. Uzi ulioumia huweza kutuma ishara za maumivu wenyewe, bila moto wala mwiba, na uti wa mgongo ukizoea ishara hizo huzikuza, hata mguso wa shuka ukawa mateso.

Kisukari si ugonjwa wa mjini tena

Duniani kote kisukari ndicho chanzo kinachoongoza kwa maumivu ya aina hii. Karibu nusu ya wenye kisukari hupata madhara ya mishipa ya fahamu katika maisha yao, ingawa si wote wanaohisi maumivu. Nchini Tanzania mabadiliko yamekuwa ya haraka. Utafiti wa Donald McLarty na wenzake, uliochapishwa mwaka 1989 baada ya kupima watu zaidi ya 6,000 katika vijiji 6, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Njia za upimaji na umri wa waliopimwa havilingani, kwa hiyo takwimu hizo haziwezi kutolewa moja kutoka kwa nyingine. Hata hivyo zinatosha kuvunja dhana kwamba mkulima anayetoka jasho kila siku hawezi kuwa na sukari.

Kisukari cha ukubwani kinaweza kukaa mwilini miaka mingi kabla hakijagunduliwa, na wakati mwingine nyayo zinazowaka ndizo dalili ya kwanza inayomtoa mgonjwa nyumbani. Anayechomwa vitamini miezi 6 bila kupimwa sukari hupoteza muda ambao mishipa yake ilikuwa bado inaweza kulindwa.

Je, kushusha sukari kunaokoa mishipa? Jibu linategemea aina ya kisukari. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 1993, uliohusu kisukari cha aina ya kwanza kinachotegemea insulini, ulionyesha kwamba udhibiti mkali wa sukari ulipunguza madhara ya mishipa ya fahamu kwa takribani asilimia 60. Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wengi, faida ipo lakini ni ndogo zaidi, kwa sababu shinikizo la damu, mafuta mwilini, unene na sigara navyo vina mchango. Mgonjwa anastahili kuambiwa ukweli huo: dawa za sukari hazitafuta maumivu kwa wiki moja, ila bila hizo hakuna kinachozuia uharibifu kupanda juu.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika. Metformini, dawa ya kisukari inayotumika zaidi, ikitumiwa kwa miaka hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 kwa baadhi ya watu, na upungufu wa B12 huleta ganzi inayofanana kabisa na ile ya kisukari. Dawa hiyo isiachwe kwa hofu; kinachotakiwa ni mgonjwa wa muda mrefu ambaye ganzi yake inazidi apimwe B12 au apewe. Huyo ndiye mtu ambaye sindano ya vitamini inaweza kumfaa kweli.

Maradhi na dawa zinazogusa mishipa

Virusi vya Ukimwi vyenyewe huumiza mishipa ya fahamu, hasa mgonjwa akichelewa kuanza dawa. Kwa miaka kadhaa dawa nazo ziliongeza tatizo. Stavudini, iliyookoa maisha ya wengi Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliwaachia maelfu ganzi na moto wa nyayo, hadi Shirika la Afya Duniani lilipoagiza mwaka 2009 iondolewe hatua kwa hatua. Mchanganyiko wa sasa wenye dolutegraviri hauna madhara hayo ya mishipa, lakini aliyeumizwa na stavudini anaweza kuwa bado anaungua leo. Swali la dawa alizowahi kutumia zamani lina uzito sawa na la anazomeza sasa.

Kifua kikuu kinaingia kwa mlango mwingine. Isoniazidi, inayotumika kutibu TB na pia kuikinga kwa wanaoishi na virusi vya Ukimwi, huingilia matumizi ya vitamini B6 mwilini. Kinga yake ni rahisi: pridoksini, ambayo ndiyo B6, miligramu 10 hadi 50 kwa siku, hasa kwa wajawazito, wenye kisukari, wenye virusi vya Ukimwi, wanywaji wa pombe na wenye lishe duni. Pridoksini ikikosekana dirishani, dawa ya kuokoa mapafu inaweza kugeuka chanzo cha ganzi.

Ukoma unahitaji uangalifu wa pekee kwa kuwa tumeanza kuusahau. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani hukihesabu kuwa ni kuutokomeza kama tatizo la afya ya jamii, yaani chini ya mgonjwa 1 kwa kila watu 10,000. Kufika kiwango hicho hakumaanishi kwamba haupo. Bakteria wake hupenda mishipa ya fahamu iliyo karibu na ngozi: ule unaozunguka upande wa nje wa goti, ambao ukiharibika mguu hulegea na kuburuza, na ule unaopita nyuma ya kifundo upande wa ndani, unaohudumia wayo. Baka lililofifia lisilohisi mguso, au mshipa ulionenepa na kuuma ukibonyezwa, ni sababu ya kumpeleka mgonjwa kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya. Dawa ni bure na hutumiwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa. Mshipa ukivimba ghafla na kuuma wakati wa matibabu, hiyo ni dharura: prednisoloni ikianza mapema inaweza kuuokoa, ikichelewa wiki kadhaa ulemavu hubaki.

Shamba, chupa na chungu

Simiyu inaongoza nchini kwa kilimo cha pamba, na pamba hupuliziwa dawa. Dawa za jamii ya pairethroidi zikigusa ngozi huleta mchomo na ganzi ya usoni na mikononi ambayo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Baadhi ya dawa za jamii ya oganofosfati ni hatari zaidi: mtu aliyepata sumu nyingi anaweza kuonekana amepona, kisha wiki 1 hadi 3 baadaye akaanza kuumwa mashavu ya miguu, kufa ganzi na kulegea miguu. Anayepulizia pekupeku, akalowa miguu kwa bomba linalovuja na kurudi nyumbani na nguo zilezile, hujiweka hatarini kila msimu. Buti za mpira, kuoga kwa sabuni mara baada ya kazi na kutotumia vyombo vya dawa kuwekea maji ya kunywa ni sehemu ya kinga ya mishipa ya fahamu, japo mara chache husemwa hivyo.

Gongo na pombe nyingine zikinywewa kwa wingi kwa miaka huharibu mishipa kwa njia mbili: sumu ya pombe yenyewe, na mlo unaoachwa. Vitamini B1 ndiyo hupungua haraka. Hapa tiba haiwezi kupita kando ya chupa. Mgonjwa akiendelea kunywa, dawa yoyote ya maumivu inamwagiwa maji.

Kwa upande wa chakula, Wasukuma, wenyeji wa eneo hili, wana hazina ya kutosha. Maziwa, nyama, samaki na mayai vina B12. Kunde, karanga na majani ya kunde yaliyokaushwa, nsansa, huongeza vitamini nyingine za kundi B. Tatizo huja mlo unapobaki ugali na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa miezi mingi, hasa kwa wazee wanaokula peke yao. Ukame nao una somo lake jirani: mwaka 1985 huko Tarime, mkoani Mara, chakula kilipopungua na muhogo mchungu ukaliwa bila kulowekwa na kukaushwa inavyotakiwa, watu walipooza miguu ghafla. Ugonjwa huo huitwa konzo, na hushambulia njia za fahamu za kuendesha misuli zinazotoka kwenye ubongo. Hauwashi nyayo moto, hukakamaza miguu. Nautaja ili isidhaniwe kwamba kila mguu ulioharibika una ugonjwa uleule.

Kwa sababu hiyo hiyo lazima tuutaje uti wa mgongo. Maswa na jirani yake Itilima zina historia ndefu ya kichocho cha mkojo, kinachoambukizwa kwenye malambo na majaruba ya mpunga. Mara chache mayai ya minyoo wa kichocho hukwama kwenye uti wa mgongo, na kijana mwenye afya njema akaanza kuumwa kiuno, maumivu yakashuka miguuni, miguu ikalegea na mkojo ukagoma kutoka, yote ndani ya siku au wiki chache. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huleta picha inayokaribiana, ila taratibu zaidi, pengine na kibyongo kinachojitokeza. Wote hawa wanahitaji hospitali yenye uwezo wa kuchunguza uti wa mgongo, na kila siku ya kuchelewa hupunguza nafasi ya kutembea tena.

Hatari iliyo ndani ya ukimya

Mgonjwa hulalamikia maumivu. Mhudumu mwenye ujuzi huogopa zaidi siku maumivu yatakapoisha bila tiba. Mishipa ikifa kabisa, moto wa nyayo huzimika, na mgonjwa hufurahi akidhani dawa imefanya kazi. Kumbe amepoteza ulinzi. Daktari Paul Brand, aliyewahudumia wagonjwa wa ukoma kusini mwa India katikati ya karne ya 20, alionyesha kwamba vidole vya wagonjwa wake havikuliwa na ukoma wenyewe, kama ilivyoaminiwa. Viliharibiwa na moto, misumari, viatu vya kubana na vidonda vilivyokanyagwa siku baada ya siku kwa kuwa mwenyewe hakuhisi chochote.

Dar es Salaam ilitoa ushahidi wake. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliripoti mwaka 2005 wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Hawakuamka. Waliona damu asubuhi, na kwa baadhi yao jeraha likawa kidonda kibaya. Nyumba yenye magunia ya mahindi chumbani ina panya, na jambo hilo lina maana kwa Shishiyu kuliko mashauri mengi yaliyoandikiwa watu wa nchi za baridi. Mwenye ganzi alale ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na chakula kihifadhiwe mbali na kitanda.

Kuupima ukimya huu hakuhitaji mashine. Kipimo kilichoanzishwa katika hospitali ya Ipswich, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2011 kinahitaji kidole cha mpimaji tu. Mgonjwa hufumba macho. Mpimaji hugusa kwa wepesi, sekunde 1 au 2, ncha za kidole gumba, cha tatu na cha tano katika kila mguu, bila kubonyeza wala kurudia, na mgonjwa husema kila anapohisi. Asipohisi vidole 2 au zaidi kati ya 6, mguu wake uko hatarini. Mjukuu anaweza kumpima bibi yake, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kupima mtaa mzima kwa siku chache.

Aliyekosa hisia anahitaji mazoea mapya ya kila siku. Akague nyayo na katikati ya vidole kila jioni, au akaguliwe na mwanafamilia kama macho yake hayaoni vizuri. Asiloweke miguu kwenye maji ya moto, wala asiikaribishe motoni msimu wa baridi. Maji yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine. Asitembee pekupeku hata uani. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa, kwa maana mwiba au kijiwe kitakaa humo siku nzima bila yeye kujua. Asikate sugu kwa wembe. Katambuga za tairi zina ubora wa kuzuia miiba, ila mikanda yake hukwaruza na kisigino chake ni kigumu. Zikiongezewa kitako laini cha sponji imara, mikanda ikatandikwa kitu laini na misumari ikaondolewa, huwa kiatu kinachofaa ambacho fundi wa mnadani anaweza kukitengeneza.

Kazi ya namna hii imekwisha kujaribiwa nchini. Mradi wa Hatua kwa Hatua ulianza mwaka 2004 nchini Tanzania na India, ukawafundisha madaktari na wauguzi wa vituo mbalimbali kukagua miguu, kusafisha vidonda mapema na kuwaelimisha wagonjwa. Waliouendesha waliripoti kwamba vidonda vilivyofika ndani sana na idadi ya waliokatwa miguu vilipungua. Mafanikio yalitokana na macho, mikono na mazungumzo, vitu ambavyo havisubiri meli bandarini.

Dawa zinazotuliza, na zinazopoteza fedha

Baada ya chanzo kutafutwa, maumivu yenyewe yatibiwe, kwa kuwa mtu asiyelala hawezi kufuata shauri lolote. Diklofenaki na ibuprofeni hazifai hapa: zimetengenezwa kutuliza uvimbe, si ishara za uzi uliojeruhiwa, na kwa mwenye kisukari zinaweza kuharibu figo ambazo tayari ziko mashakani.

Dawa zenye ushahidi ni chache: amitriptilini, duloksetini, gabapentini na pregabalini. Amitriptilini ni ya zamani, ya bei nafuu na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2015 ulikadiria kwamba kwa dawa za jamii yake, kati ya takribani watu 4 wanaotibiwa, mmoja hupata nafuu ya angalau nusu ya maumivu ambayo asingeipata kwa dawa bandia. Uchambuzi mpya wa mwaka 2025 ulirekebisha idadi hiyo kuwa kati ya 4 na 5. Kwa gabapentini na pregabalini ilikuwa karibu 9. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2022 uliolinganisha amitriptilini, duloksetini na pregabalini kwa wagonjwa wa kisukari haukukuta mshindi, na ulionyesha kwamba kuongeza dawa ya pili pale ya kwanza ilipoishia kuliwasaidia wengi. Kwa hiyo mgonjwa wa kijijini anayepewa amitriptilini hajapewa kitu cha daraja la chini.

Ila lazima itumiwe ipasavyo. Huanza kwa kiasi kidogo jioni, miligramu 10 au nusu ya kidonge cha 25, na kuongezwa polepole kwa maelekezo ya mtabibu. Haifanyi kazi kwa kumezwa siku ya maumivu tu. Huhitaji wiki kadhaa mfululizo. Hukausha mdomo, huleta usingizi na kufunga choo. Mzee mwenye tezi dume anaweza kushindwa kukojoa, na mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya jicho anahitaji dawa nyingine. Ikizidishwa huua, hivyo ifungiwe mbali na watoto. Gabapentini na pregabalini hupunguzwa kiasi kwa mwenye figo dhaifu. Tramadoli huleta utegemezi, na kuichanganya na amitriptilini bila daktari ni hatari.

Kuhusu sindano na vidonge vya vitamini B, kanuni ni fupi. Mwenye upungufu wa B12, mnywaji aliyekosa B1 na anayetumia isoniazidi wananufaika wazi. Kwa wengine ushahidi ni dhaifu, na kuzidisha kuna gharama: B6 nyingi kwa miezi huharibu mishipa ileile inayodhaniwa kutibiwa. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2023 kikomo cha miligramu 12 kwa siku kwa mtu mzima asiye chini ya matibabu, ilhali vidonge vingi vya mchanganyiko vina miligramu 100 au 200. Anayevimeza mwaka mzima huku ganzi ikizidi asiongeze. Avipeleke kwa mtabibu.

Pilipili nayo ina nafasi yake kitabibu. Kiini chake, kapsaisini, hutengenezwa kuwa krimu na plasta zinazotuliza mishipa ya ngozi. Lakini pilipili ya jikoni kwenye wayo wenye ganzi huweza kuunguza bila mtu kuhisi, na isitumiwe.

Mpangilio ndio unaokosekana

Nikiweka yote haya pamoja, naona kwamba upungufu mkubwa uko katika mpangilio kuliko katika utaalamu. Zahanati inaweza kufuata hatua tano kwa kila anayelalamikia miguu. Imuulize maumivu yalianzia wapi, anakunywa nini, ametumia dawa gani na amepulizia nini. Imvue viatu na kutazama nyayo na ngozi. Ipime sukari, na virusi vya Ukimwi kwa ridhaa yake. Iguse vidole vyake sita. Kisha iamue: kutibu hapo, au kumpeleka Hospitali ya Wilaya ya Maswa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bariadi, na ikibidi Bugando, Mwanza.

Wapo wasiotakiwa kusubiri hata siku moja: aliyepoteza nguvu za miguu kwa kasi, aliyeshindwa kuzuia au kutoa mkojo, aliyekufa ganzi sehemu za siri, mwenye kidonda kinachonuka au kidole kinachogeuka cheusi, na mwenye mguu wa baridi uliopauka ghafla.

Wafumu wahusishwe. Watu wataendelea kuwaendea, kwa kuwa wanasikiliza na wako karibu. Mfumu anayekubali kutochanja chale mguu wenye ganzi, na kumwambia mgonjwa "baba, kapime sukari kwanza, kisha rudi tuzungumze", anaokoa mguu. Hilo linahitaji mganga mfawidhi amwendee kwa heshima, bila vitisho.

Simiyu ilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 2 katika sensa ya mwaka 2022. Haiwezekani kila kata kupata daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, wala haihitajiki. Inawezekana halmashauri kuhakikisha vipande vya kupimia sukari havikatiki, pridoksini inakaa rafu moja na isoniazidi, amitriptilini inafika zahanati, na kila mhudumu amefundishwa kugusa vidole sita. Ni haki ya mkulima wa pamba anayeungua nyayo kuondoka zahanati akijua jina la kinachomuumiza, na vitamini apewe yule tu ambaye mwili wake unazihitaji.